Heko kwa Pikipiki Inayomisi

Kati ya maradhi yote ya pikipiki, hakuna yenye adabu kama misi ya safari ndefu. Pancha haichagui mahali. Cheni ikikatika haisubiri mtu ajiandae. Misi hungoja. Boxer itatoka Dar es Salaam alfajiri, itapita Kibaha na Chalinze ikiunguruma vizuri tu, imfikishe mwenyewe na mzigo wake hadi Kingolwira, milima ya Uluguru ikionekana, ndipo ianze: pu, pu-pu, kimya, pu. Kazi imekaribia kwisha, sasa inadai haki zake. Waajiri wangapi wamebahatika kupata mfanyakazi wa namna hiyo?

Tena ina haya. Mbele ya fundi hupona. Kesho yake asubuhi injini imepoa, inawaka kwa kiki moja, na mwenyewe anabaki kujieleza. Hapo hakuna uchawi. Ndani ya koili mna waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu. Ukiwa na ufa, joto huuachanisha na cheche hufifia, ukipoa ncha hugusana tena. Ugonjwa upo, ila hautoki mafichoni mpaka upate moto.

Kwa uchumi wa mtaa misi ni baraka. Fundi asiye na subira hubadilisha plagi, kisha huosha kabureta (kabureta hushtakiwa hata katika kesi zisizoihusu), kisha huagiza kichujio, kisha CDI. Muuza spea analipa ada ya mtoto, mama lishe wa jirani anauza chai kwa wanaosubiri, na pikipiki bado inamisi. Mradi gani wa maendeleo umegusa watu wengi hivyo?

Na huenda muda wote huo kosa lilikuwa kwenye mfuniko wa tanki. Mfuniko una kitundu chembamba cha kuingizia hewa. Vumbi likikiziba, petroli inashuka lakini hewa haiingii kujaza nafasi yake, na tanki linaanza kuvuta kwa ndani. Mjini hali hiyo haijulikani, kwa sababu injini inakunywa kidogo na kusimama ni kwingi. Kwenye barabara kuu, resi ikivutwa nusu saa bila kuachiwa, petroli hugoma kushuka na kabureta hukauka. Kipimo chake hakigharimu hata shilingi: misi ikianza, simama ufungue mfuniko. Ukisikia “fsss” na baada ya muda mfupi injini ikachangamka, mchawi amepatikana. Aliyekwisha dhamiria kununua CDI asijaribu kipimo hiki, kitamharibia siku.

Misi husomesha hata waliokimbia shule. Humlazimisha dereva azime injini papo hapo ikiwa bado kwenye mwendo, asogee pembeni, aichomoe plagi kwa uangalifu maana inaunguza, kisha aitazame ncha. Kahawia hafifu: salama. Masizi meusi makavu: petroli imezidi, au kichujio cha hewa kimeziba. Nyeupe: petroli haitoshi na joto limepita kiasi. Akiiacha injini iungurume imesimama kwanza, masizi mapya yanafuta ushahidi. Ncha hiyo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 450 na 850 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo haiwezi kuunguza uchafu wake yenyewe. Akienda kununua nyingine atagundua kuwa kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, na kwa Bosch ni kinyume chake. Hakuna aliyewahi kujifunza jambo hilo kwa hiari.

Vyote vikiwa salama, zimebaki valvu. Valvu ya moshi hulika kwenye kiti chake polepole na nafasi yake hupungua; ikipata moto shina hurefuka, nafasi inakwisha, valvu haifungi sawasawa na kompresheni inavuja. Nafasi yenyewe ni sehemu ndogo tu ya milimita, na hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa. Kwa hiyo fundi mwaminifu hufunga boksi lake na kusema njoo kesho. Mwenye pikipiki analala Morogoro kwa shemeji yake, anaandaliwa wali kwa kuku, na bosi akipiga simu kutoka Dar anajibiwa kweli tupu: valvu hazipimwi za moto, mzee.