Rufaa Imetupwa, Bili Imebaki

Mrufani aliyeshindwa huwa hasikii maneno ya mwisho. Jaji akishatamka kwamba rufaa haina mashiko na inatupiliwa mbali, masikio yanafunga kazi. Shangazi aliyesafiri kuja kuona haki ikitendeka anatafuta kandambili chini ya benchi, mpwa anauliza supu inapatikana wapi. Kile kipande cha "pamoja na gharama" kinapita bila mtu kukisalimia. Kitarudi chenyewe, kimechapwa, kimegongwa muhuri na kupangwa kwa namba.

Tanzania kinarudi kupitia Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, Tangazo la Serikali Namba 264. Aliyeshinda ana siku 60 tangu amri ya gharama itolewe kupeleka orodha ya madai yake, nayo hupitiwa mstari kwa mstari na ofisa wa mahakama mwenye kazi ya kukadiria. Hapo hata ugomvi wa ndoa unageuka kipindi cha hesabu, na wengi wetu hesabu tuliagana nayo darasa la saba.

Tumchukue fundi samani wa Keko, wa kubuni, ingawa ndugu zake wa kweli ni wengi. Mahakama ya Mwanzo imevunja ndoa na kumpa mtalaka sehemu ya nyumba, friji na kabati la vyombo, kabati ambalo fundi aliliunda kwa mikono yake. Nyumba angeweza kuimeza. Kabati, hapana. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashindwa. Akapanda Mahakama Kuu na rundo la sababu za rufaa, baadhi zikimhusu mama mkwe. Kijiweni alitangaza, "Safari hii nitamkomesha." Bajeti yake ilikuwa na mistari miwili: ada ya mahakama na hela ya wakili. Kwamba mtalaka naye ana wakili, na wakili huyo naye ana kalamu, halikuingia kwenye daftari.

Bili ikaja. Mstari wa kwanza ndio ulionona: ada ya kupokea maelekezo, yaani malipo ya wakili kuisikiliza hadithi na kuibeba kesi. Ikafuata kuandaa majibu, kutoa kopi, nauli, kuhudhuria. Kwenye kuhudhuria fundi aligoma. Aliikumbuka siku ambayo kesi ilikuja kwa kutajwa tu. Jaji alikuwa na udhuru, wakapangiwa tarehe nyingine, kila mtu akaenda zake kabla jua halijachoma.

"Na hii nayo inalipiwa?"

Inaweza kulipiwa. Wakili wa mtalaka alifika, akasimama, akajitambulisha, akaandikwa. Na zile sababu za rufaa kuhusu mama mkwe? Kila shutuma ililazimu kujibiwa, majibu yakazaa kurasa, kurasa zikazaa kopi. Huko Kenya jedwali la malipo ya mawakili lina kipimo kiitwacho folio, nacho ni maneno 100. Fundi angekuwa Nairobi angeweza kuambiwa hasira zake zimefika folio ngapi.

Mshindi naye hana ruhusa ya kuandika apendavyo. Amri ya 2015 ina kifungu kimoja kitamu sana kwa walioshindwa, cha 48: ikiwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya bili itakatwa, ukiacha ada za mahakama, aliyeileta hapati gharama za shauri hilo la ukadiriaji. Tuseme ameandika shilingi 6,000,000. Ikikatwa 1,000,000 kamili, yuko salama. Ikikatwa 1,000,100, ameumia kwa bei ya andazi. Ndiyo maana fundi, aliyewahi kulala katika kesi yake mwenyewe, siku ya ukadiriaji alikuwa macho makavu akipigania nauli ya daladala. Na yeyote asiyeridhika ana siku 21 za kumpelekea jaji malalamiko yake, yaani ugomvi mpya juu ya gharama za ugomvi wa zamani.

Wakadiriaji wana mwongozo wa muda mrefu. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services, ilieleza kwamba gharama zisipande hadi mahakama ikawa ya matajiri peke yao, kwamba aliyeshinda arudishiwe kwa haki alichotumia, na kwamba malipo yawe ya kuwavuta watu kuingia katika uwakili. Fundi aliposomewa hayo alikubali la kwanza kwa moyo wote. La tatu aliona limeshatimia.

Lakini katika mashauri ya ndoa majaji wengi husita kabisa kumbebesha mtu gharama. Wana hiari hiyo, na hawa ni watu watakaokutana tena kwenye harusi za watoto. Kisha kushindwa rufaa ya ndoa si lazima kuwe upuuzi. Mwaka 1983 Bi Hawa Mohamed alifika hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania dhidi ya Ally Sefu, akitaka kazi zake za nyumbani zihesabiwe kuwa mchango katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikubali: kupika, kufua na kulea ni mchango. Halafu ikaitupa rufaa yake, kwa kuwa mume alikwisha kumpa shilingi 10,000 za kufanyia biashara naye akazitapanya. Wanawake wengi wamegawiwa mali tangu hapo kwa kulitaja jina la mama aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Fundi hakulipenda shauri hili. Wakili wa mtalaka alilinukuu mara kadhaa, na kopi yake imo kwenye bili.

Binamu yake wa Mbagala alipata ile amri ya kila upande kubeba gharama zake, akaisherehekea kama msamaha wa deni. Jioni akakumbuka kuwa upande wake ni yeye. Wakili wake alikuwa bado anamdai. Mjomba aliyekwenda kama shahidi alikula kuku, si maharage. Bodaboda ilisubiri nje tangu asubuhi. Gharama hizi hazina mkadiriaji wa kuzikata, na risiti ya kuku mjomba hakuichukua.

Fundi alirudi kwa wakili wake kuuliza njia ya Mahakama ya Rufani. Akaelezwa kwa upole kwamba kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo haipandi huko bila cheti cha Mahakama Kuu kuthibitisha kuwa kuna hoja ya kisheria.

"Kabati si hoja ya kisheria, kaka."

Fundi alifikiri kidogo. "Na friji?"