Eti Mafia Iko Zanzibar?

Jamani, jamani! Juzi hapa kijiweni Rangi Tatu, kashata haijafika mdomoni, kijana mmoja ananiuliza: "Babu, hiyo Mafia si iko kule Zanzibar?" Mwenzake akadakia: "Wapi! Mafia ni ya Wataliano wale wa bunduki." Mtchew! Nikakiweka chini kikombe. Vijana wa Mbagala hawa, wanakula wali wa nazi tangu wameota meno, nazi yenyewe imevuka bahari kutoka Mafia, na mahali ilipotoka hawapajui!

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, kama ilivyo Kisarawe. Ni kweli sultani wa Unguja aliitawala, lakini habari hiyo iliisha 1890, Mjerumani alipoichukua. Mwaka 1915 Mwingereza naye akamnyang'anya, akarusha ndege kutoka humohumo kisiwani kuisaka manowari ya Mjerumani, Königsberg, iliyojichimbia kwenye delta ya Rufiji. Mambo yote hayo yametokea mlangoni kwetu, na sisi tunaulizana kuhusu Wataliano. Yarabi toba!

Halafu kuna hawa wanaokubali kwenda. Lo, nao wana vituko! Safari moja niko bandarini Nyamisati nasubiri boti ya Mafia. Maji yamekupwa, tope limejianika hadi kwenye mizizi ya mikoko, chombo kimekaa kama kuku anayeatamia. Bwana mmoja kavaa viatu vya kung'aa, anamfokea nahodha: "Tulikubaliana saa nne!" Nahodha kimya. Pembeni mama mmoja wa Jibondo kakalia ndoo yake, anamtazama tu. Mwishowe akamwambia: "Mwanangu, mgombeze mwezi, ndio wenye maji." Bwana akaendelea kufoka hadi sauti ikakauka. Bahari ikajaa kwa wakati wake, tukaondoka.

Ukishuka Kilindoni ndipo utaumia roho zaidi. Kuanzia Oktoba hadi Machi, papa potwe huja karibu kabisa na gati. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, mgongo wote madoadoa meupe kama kanyunyiziwa chokaa, na mdomo mpana ule anautumia kuchuja vijidudu na dagaa wadogo. Mtu hamgusi. Mzungu anapanda ndege mbili, tatu, anaruka majini kuogelea naye, anatoka analia kwa furaha. Na sisi wa hapa, nauli yetu ni basi na boti, tunasema hatuna nafasi. Nafasi ya kukaa kijiweni tunayo!

Wenyewe wa Mafia wanahangaika nayo bahari yao. Hifadhi ya bahari ya kwanza nchini ilianzishwa huko mwaka 1995, na mpaka leo mvuvi na mhifadhi hawajaacha kuvutana: huyu anataka matumbawe yapumue, yule ana watoto wanasubiri kitoweo. Mimi siwezi kumcheka hata mmoja.

Ila upumbavu wa binadamu haukuanza na sisi. Nenda kisiwa cha Juani, hukohuko Mafia, ukayaone magofu ya mji wa Kua, mibuyu imesimama katikati ya kuta za mawe. Wazee husimulia kwamba watu wa Kua na wa mji wa Kisimani walikuwa na kisasi cha watoto waliouawa. Basi wakaalikana harusi. Wageni wakateremshwa chumba cha chini, wakaandaliwa, wakala, na huku nyuma mlango unajengwa kwa mawe. Harusi, jamani! Baadaye Wasakalava wakaja kutoka Madagaska, karne ya 19, wakaiteketeza Kua yenyewe. Kisimani nayo ikaliwa na bahari. Walichokuwa wanagombea kiko wapi?

Yule kijana nimemwambia aache kuniuliza mimi. Mabasi ya Nyamisati yanaondoka hapahapa Rangi Tatu, hatua chache kutoka kwenye benchi analokalia kila siku.