Namna ya Kufunga Sola Shambani Hombolo Bila Kupiga Hesabu

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mtumishi asiye na eneo Hombolo, Mvumi au Veyula huonekana kama bado yuko njiani. Wewe umeshapata. Mizabibu imeshika, nyumba ya vyumba viwili ya kupumzikia wikiendi imeezekwa. Kijijini umeme upo, kitongojini kwako nguzo bado. Funga sola.

Anza na paneli. Kujiuliza kwanza utatumia umeme kiasi gani ni tabia ya wahandisi. Nunua ile itakayoonekana vizuri kutoka barabarani. Muuzaji akikuuliza utawasha nini, jibu kwa unyenyekevu: "Taa tu, kaka, na vingine vidogovidogo." Vidogovidogo ni friji, runinga, pampu ya kisima na pasi ya shemeji.

Atatokea mtu wa kukupigia hesabu. Taa 5 za wati 7 na runinga ya wati 80, zikiwaka saa 5, zinakula zaidi kidogo ya nusu uniti. Friji ndogo peke yake inaweza kumaliza uniti nzima kwa siku. Paneli ya wati 400, kwa saa 5 za jua kali, inatoa uniti 2 kwenye karatasi. Joto, vumbi, waya na inveta vikishachukua chao, unabaki na kama 1.4. "Kwa hiyo haitoshi," atasema, na pasi hata hajaigusa. Mpe kilo ya zabibu aende zake.

Betri nunua ya gari. Kweli, imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kunyonywa usiku kucha, lakini hilo utaligundua baada ya miezi kadhaa, wakati risiti imeshapotea. Wakikushauri betri ya sola ya maji, volti 12 na ampea 200, watakwambia ina uniti 2.4 ila utumie nusu tu usije ukaiua mapema. Nusu, na umelipia nzima!

Sasa paa. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo sehemu kubwa ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini. Fundi aliyesoma ataelekeza paneli huko na kuiinamisha nyuzi 10 au 15 ili mvua ioshe vumbi. Mwambie ailaze bapa. Mvua huku ni kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki vumbi litatua juu ya kioo, jekundu na laini, hadi mtoto akipitisha kidole anaandika jina lake. Kupandisha mtu na ndoo na kitambaa asubuhi, kabla kioo hakijapata moto, usithubutu. Upepo ndio ulioleta vumbi, upepo utaliondoa. Na ule mbuyu wa jirani usiuhofie: kiangazi hauna majani. Shina lake likitupa kivuli kwenye kona moja tu ya paneli, umeme utashuka kuliko ukubwa wa hicho kivuli, kwa kuwa seli zimeungwa kwa mfululizo. Ila kwa macho utaona kona tu.

Kuna siri moja inayoweza kuharibu mpango huu wote, kwa hiyo isome haraka. Nyumba ya wikiendi inakaa siku 5 bila mtu. Paneli ya wastani inaweza kujaza betri kubwa taratibu, Jumatatu hadi Ijumaa, ukafika na umeme wa kutosha. Dawa yake ni rahisi: ukiondoka Jumapili jioni, acha friji ikiwaka na chupa moja ya maji ndani.

Jumamosi waalike wakubwa zako wa kazi. Inveta itaanza kulia saa 3 usiku, nyama ikiwa bado motoni na mpira ukiwa kipindi cha pili. Sema ni kawaida, ndivyo zinavyofanya. Kisha omba simu zenye tochi.

Ofisi ya TANESCO usipite kabisa kuuliza nguzo itafika lini kitongojini. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, na hiyo hainunui hata betri ya gari.