Koti la Mjomba: Mwongozo wa Kutikisa Usaili

Hongera, jina limetoka! Umelikuta ukurasa wa kumi na tisa wa orodha ya walioitwa kwenye usaili, na mama ameshaitangazia jumuiya nzima kuwa umepata kazi. Usimsahihishe. Fuata hatua hizi.

1. Usisome tangazo hadi mwisho. Mwishoni ndiko walikoandika mambo ya kuchosha: vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita hadi cha taaluma, kitambulisho, matokeo ya muda hayapokelewi, majina yakitofautiana, njoo na hati ya kisheria. Wewe beba nakala. Cheti cha kuzaliwa kikikuita Asha na cha kidato cha nne kikakuita Aisha, mweleze mhakiki mlangoni historia ya ukoo wenu. Atakusikiliza. Nyuma yako kuna watu mia tatu tu.

2. Fika kwa mbwembwe. Usaili ni Dodoma, saa moja asubuhi, na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Treni ya SGR ipo tangu 2024, lakini kufika jana yake ni woga. Panda basi la usiku, uingie umevimba macho. Jopo litajua unajituma. Kama ni Chuo Kikuu cha Dodoma, bodaboda atakuuliza unakwenda ndaki gani. Mjibu: "Yoyote." Ndaki zile zimetawanyika vilimani, na asubuhi hiyo utaziona zote.

3. Azima koti. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini wahenga hawakuwahi kuitwa kwenye usaili. Chukua la mjomba, lile la harusini. Mikono ikifika kwenye vidole, usiikunje. Na usikague mifuko.

4. Salimia kwa tahadhari. Mwaga "Shikamooni" kwa jopo zima, akiwemo yule mliyekuwa mkigombea naye kitanda cha juu hosteli. Ataitikia, na hatakusamehe.

5. Kariri majibu. Wakisema "tueleze kwa ufupi kuhusu wewe", anzia chekechea. Wakiuliza udhaifu wako, sema unapenda kazi kupita kiasi. Thelathini waliokutangulia wana ugonjwa huo huo, ndiyo maana wasaili wameacha kuandika. Wakikuuliza usilolijua, usithubutu kusema, "Hilo silijui, ila ningeanza kwa kumuuliza aliyekuwepo kabla yangu." Jibu fupi namna hiyo linaweza kueleweka.

Mimi nilikariri vizuri mno. Katikati ya udhaifu wangu jasho likanitoka, nikaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, nikachomoa kadi ya mchango wa harusi. Ilikuwa ya mjomba, ya miaka mingi, imekunjika kama sambusa. Ikaanguka mezani. Mwenyekiti wa jopo akavaa miwani, akaisoma yote, hadi namba ya mweka hazina, kisha akaniuliza: "Ulishachanga?"

Sikuwa nimelikariri hilo. Nikasema, "Bado, mheshimiwa. Nasubiri kazi."

Wakacheka wote, hata yule aliyekuwa akisinzia. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, mtu akashika kalamu. Wakaniuliza kuhusu kazi yenyewe, nami nikajibu kama mtu anayeongea na watu. Sikupata, lakini nilitoka najua ni dakika zipi nilikuwemo chumbani na zipi lilikuwemo koti.

6. Subiri kwa heshima. Huenda ukafaulu na usipangiwe kituo, jina likawekwa kwenye kanzidata. Mtaani wakikuuliza, sema mambo yako jikoni. Usitaje ni jiko la nani.

7. Rudisha koti kabla ya Alhamisi. Jina la binamu yako nalo limetoka. Koti lipige pasi, funga vifungo, na ile kadi iache pale pale mfukoni.