Fukara kwa Uthibitisho

Katika vijiji vya Handeni na Korogwe, kaya maskini haiandiki barua ya kuomba msaada, husubiri kutajwa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF), uliozinduliwa mwaka 2012, huanzia kwenye mkutano wa kijiji, ambako njaa iliyositiriwa jikoni hutangazwa hadharani na majirani. Kisha huja dodoso: paa, sakafu, mali. Hapo bati chakavu la kurithi huweza kunukia utajiri. Orodha hurudi mkutanoni kuthibitishwa, na hata mwenye mbuzi kumi huanza kukohoa kifukara. Waliopita hupewa fedha, si mahindi, kwa utaratibu wa kila miezi miwili, ingawa tumbo halijaarifiwa. Na fedha hizo zina sharti: mtoto akitoroka shule, hupunguzwa.