Utangulizi wa Funuolojia: Aina za Ufunuaji katika Zama za Dijiti

Keti sawasawa, mwanafunzi wangu, ufute na vidole. Funuolojia ni taaluma ya kufunua kurasa, elimu ambayo bila yake binadamu angekuwa bado yuko ukurasa wa kwanza.

Tarehe 19 Novemba 2007, jijini New York, Jeff Bezos wa Amazon alizindua Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kwa bei ya dola 399. Shauku yake ilikuwa kifaa kimpotee msomaji mikononi, abaki na maneno ya mwandishi tu. Wachumi wameichambua shauku hiyo hadi wakachoka, wasiulize swali la msingi: kidole kiende wapi?

Aina ya 1: Ufunuaji-Mate. Mfunuaji hulamba kidole cha shahada, kisha hukamata pembe ya karatasi. Tafadhali tenganisha ulambaji halisi na ulambaji wa adabu, ambapo kidole hupita karibu na ulimi bila kuugusa. Makarani wanaohesabu noti hawatuhusu. Hao wana idara yao.

Aina ya 2: Ufunuaji-Kitufe. Hapa taratibu. Kindle ya kwanza ilikuwa na vitufe virefu pande zote mbili, hata kuishika tu kuliweza kufunua ukurasa. Ndipo tukapata vijitanzu: (a) ufunuaji-kusudi, (b) ufunuaji-ajali, msomaji anapohamisha mkono ili anywe chai, (c) ufunuaji-toba, anaporudi alikotoka, na (d) toba-ajali, anaporudi kurasa mbili badala ya moja. Anayechanganya (c) na (d) hafai hata kukabidhiwa gazeti.

Sasa sogea karibu na kioo. Wino wa kielektroniki ni chembe nyeusi na nyeupe ndani ya vidonge vidogo mno, ambazo umeme huzipandisha na kuzishusha. Ukurasa unapobadilika, kioo cha Kindle ya kwanza hugeuka cheusi kufumba na kufumbua. Kipindi hicho nimekiita Usiku-Mfupi. Ndani ya Usiku-Mfupi msomaji hayuko ukurasa wowote. Je, bado anasoma? Nimewauliza wanafalsafa, wakaanza kukohoa.

Aina ya 3: Ufunuaji-Mguso, ulioletwa na Kindle Touch mwaka 2011. Ulitegemea miale isiyoonekana, hivyo hata penseli iliweza kufunua. Kama penseli nayo ilisoma, tutaliona muhula wa pili. Kindle Oasis ya 2016 ilikuja na vitufe upande mmoja, nasi wafunuolojia tukagawanyika kambi mbili ambazo hadi leo hazialikani harusini.

Aina ya 4: Ufunuaji-Ghaibu, adimu na mtukufu kuliko zote. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya 1984 na Animal Farm (ile Shamba la Wanyama yetu) kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Fedha zilirudishwa, na Bezos mwenyewe akaomba radhi hadharani. Funuolojia haishughuliki na radhi. Kinachotuhusu ni kwamba kurasa zote zilifunuliwa kwa mkupuo, bila kidole hata kimoja, na mwenye kitabu pengine amelala. Mwanafunzi mmoja wa Michigan alikwenda mahakamani: maelezo aliyoyaandika alipokuwa akisoma 1984 yalibaki yakirejelea maneno ambayo hayapo tena.

Swali la mtihani: mwanafunzi huyo alikuwa amefika ukurasa wa ngapi? Onyesha njia. Alama 40.