Hodi Isiyo na Mwenyewe

Fedheha iliyonifika jana adhuhuri, mbele ya mhasibu mkuu na makarani wake waliojipanga nyuma ya kiti changu kwa ile adabu imzidishiayo mtu jasho, bado imenikaa kooni. Kwani mara tu nilipokwisha kufunga kadi mpya ya mtandao na kutamka, "Sasa iko sawa, mzee," yule bwana alichomeka flashi yake apate kunakili hesabu za mwezi, na papo hapo kompyuta ile yenye prosesa mbili ikaukata mtandao wa ofisi nzima, ikaandika kwenye skrini, kwa Kiingereza kikavu, kwamba juu ya laini ya 16 hakuna hata mmoja aliyejali. Mhasibu akaisoma habari hiyo kwa sauti, kisha akanitazama mimi.

Na laiti wangenipa nafasi ningewaeleza, maana jambo lenyewe ni la ajabu. Kifaa kikitaka huduma hakingoji prosesa ikikumbuke, bali hupiga hodi. Zamani hodi zilipokewa na chipu mbili za 8259 zilizofungamanishwa, zenye milango 15 ya kutumika, zote zikielekea kwa prosesa moja. Prosesa zilipozidi ikalazimu apatikane mgawaji, APIC, aghalabu mwenye milango 24, awezaye kuamua hodi hii iende kwa nani. Walakini mgawaji huyo hajui waya upi watoka kwenye kifaa kipi. Hayo huandikwa na mtengenezaji wa madabodi ndani ya bayosi, zamani katika jedwali la MP la Intel, na baadaye katika majedwali ya ACPI yaliyotangazwa mwaka 1996, nayo kenel ya Linux huyasoma na kuyasadiki. Sasa jedwali letu lilidai kwamba USB iko mlango wa 19, hali waya wake umetandikwa hadi wa 16, kwa jirani yake kadi ya mtandao. Flashi ilipochomekwa USB ikapiga hodi, kenel ikamuuliza kadi, "Ni wewe?" Kadi akakana. Hodi haikunyamaza, maana hakuna aliyeiitikia. Na kenel, ambayo huvumilia hodi 100,000, ikiona 99,900 hazina mwenyewe huufunga mlango wenyewe, mkosa na asiyekosa wakabaki nje pamoja. Nilipofungua orodha ya hodi, /proc/interrupts, ushahidi ulikuwapo dhahiri: mbele ya USB, chini ya kila prosesa, sufuri.

Hapa mzaha unanitoka. Waya aliutandika mtengenezaji, jedwali kaliandika mtengenezaji, na nilipomwandikia alijibu upesi, kwa taadhima, kwamba modeli hiyo imekwisha muda wake na haitatolewa bayosi mpya. Sisi tunaozipokea kompyuta hizi zikiwa zimeshatumika ughaibuni, muda wake huwa umekwisha kabla kontena halijafika bandarini. Almuradi kosa lake tumelinunua, tukalilipia na ushuru.

Kompyuta ile nimeiwasha kwa irqpoll, ambayo huiamuru kenel, hodi ikikosa mwenyewe, ikaulize vifaa vyote. Inafanya kazi, kwa uzito.

Mengine ya wiki hii ni madogo. Betri ya saa katika kompyuta ya stoo ilikufa, na tovuti zote zikakataa kufunguka kwa sababu ya tarehe.